Je, Mazoea Mema Ndiyo Wema?



Wakati wa Kwaresima iliyopita vijana wa parishi yetu waliniomba niwafundishe jinsi ya kujijengea mazoea ya kazi yatakayodumu. Walitaka kujua mtu afanyeje ili aamke mapema kila siku, asome, alime, atimize alilolipanga, wala asiwe kama jogoo awikaye Jumatatu na kunyamaza Jumatano. Waliona kwamba mtu aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka 39 bila shaka ndiye mwenye siri hiyo. Nikakubali. Nikasimama mbele yao na chaki mkononi, nikaandika ubaoni, nikatoa methali na mifano, nikawachekesha mara mbili tatu. Walipiga makofi. Mmoja wao aliomba karatasi yangu akaipiga picha kwa simu.

Nikarudi nyumbani na moyo mzito, maana nilikuwa nimesema uongo. Haukuwa uongo wa maneno, kwa kuwa kila nililolisema laweza kuthibitishwa. Uongo ulikuwa katika mimi kusimama pale kana kwamba mazoea hayo ninayo. Basi nimemwomba Padri nafasi katika gazeti letu ili nilinyoshe jambo lile, na tena nitafakari pamoja nanyi swali ambalo vijana hawakuniuliza, wala mimi sikuwauliza: mtu akitenda mema kwa mazoea tu, je, wema huo ni wake?

Nilistaafu mwaka 2019, nilipotimiza miaka 60. Katika miaka yote ya kazi niliamka saa kumi na moja alfajiri, na saa moja kasorobo nilikuwa nimekwisha kufika shuleni. Andalio la somo sikulikosa hata siku moja, maana chuoni tulikuwa na mkufunzi mmoja aliyetuambia kwamba mwalimu asiye na andalio la somo ni mwizi wa saa za watoto wa watu, na neno lile lilinishika. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imetundikwa mwembeni, yapigwa kwa kipande cha nondo. Wakaguzi walipokuja walinisifu. Nami nilikuwa nikiwaambia walimu vijana, bila kuulizwa, kwamba bidii ni tabia ya mtu mwenyewe, ama anayo ama hana.

Nilipoagwa nilinunua kaunta buku mpya, nikachora ratiba kwa rula kama ilivyonipasa. Kuamka saa kumi na moja. Sala ya Asubuhi. Shambani hadi saa nne. Baada ya chakula cha mchana, kuandika historia ya kanisa letu tangu wazee wetu walipolijenga kwa udongo na makuti. Nilikadiria kurasa mbili kwa siku, kwa hiyo hata Krismasi kitabu kingekuwa kimekwisha. Wiki ya kwanza niliandika kurasa tisa. Wiki ya pili, mbili. Kisha hakuna. Mwezi wa tano nilikuwa naamka saa mbili jua limekwisha kupanda, nakaa barazani na redio mpaka mchana, na kaunta buku ile imekuwa mahali pa kuandikia madeni ya dukani.

Siku moja nilimlalamikia mke wangu. Nikamwambia, “Mama Ester, sijui ni nini kilichonipata. Mimi niliyekuwa naamka mwenyewe kila siku ya Mungu!”

Akacheka hata akaweka ungo chini. “Baba Ester, tangu lini umeamka mwenyewe? Mimi ndiye niliyekuwa naamka saa kumi na nusu kuwasha moto. Moshi ndio uliokuamsha, na kengele ndiyo iliyokuita.”

Sikupenda kusikia, lakini ilikuwa kweli. Katika miaka 39 sikuwahi kujiuliza maji ya moto yalitoka wapi. Nalijivunia nidhamu iliyokuwa imejengwa juu ya usingizi wa mtu mwingine. Vijana wataniwia radhi nikisema kwamba neno hili lawahusu wao pia. Kijana ajisifuye kwamba kila jioni husoma saa mbili bila kukosa, na atazame ni nani aliyechota maji jioni ile, na ni nani aliyeosha vyombo. Mara nyingi ni dada yake, naye ana mitihani yake.

Nilipata faraja kidogo, nikiri, niliposoma habari za Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1724 na kufa 1804. Alisifiwa sana kwa utaratibu wa maisha yake. Lakini alikuwa na mtumishi aitwaye Lampe, ambaye kila siku saa kumi na moja alfajiri alikuwa na amri ya kumwamsha bwana wake, wala asimsikilize akiomba kulala zaidi. Basi hata Kant alikuwa na Lampe! Tofauti ni kwamba yeye alijua kuwa ni Lampe anayemwamsha.

Sasa niseme machache juu ya namna mazoea yanavyojengwa, kwa kuwa nataka vijana wapate lililo la kweli. Wengi wameambiwa, na programu za simu zao zawaambia, kwamba siku 21 zatosha kumjengea mtu mazoea. Hesabu hiyo ilienea sana kutokana na kitabu alichokitoa mwaka 1960 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeona kwamba wagonjwa wake aliowatengeneza nyuso walihitaji siku kama 21 wazoee sura zao mpya. Kuzoea pua mpya ni jambo moja, ndugu zangu, na kuzoea kulima kabla ya chai ni jambo jingine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha London walipopima wenyewe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwachukua watu 96 waliojitolea, kila mmoja akachagua jambo dogo la kula, la kunywa au la kuunyosha mwili, alifanye kila siku wakati ule ule kwa majuma 12. Waliona kwamba kwa mtu wa katikati zilihitajika siku 66 hata jambo lijiendee lenyewe bila kusukumwa. Mwepesi kuliko wote alifika kwa siku 18. Aliye mzito kuliko wote alikadiriwa kwamba angefika kwa siku 254. Waliona pia jambo ambalo nalitaja kwa furaha: mtu aliyekosa siku moja hakuharibu kitu. Kesho yake aliendelea palepale.

Mtu anayeikosa Jumanne kisha akaiacha wiki nzima kwa aibu, ameangushwa na kiburi kuliko uvivu. Alitaka daftari lisilo na doa. Najua, maana mimi nilikuwa hivyo.

Kanisa letu lilijua mengi ya haya zamani. Tangu karne ya 6, watawa waliofuata utaratibu wa Mtakatifu Benedikto walisali mara saba mchana na mara moja usiku, na kengele ikiwaita kila mara. Ni vizuri kwa watawa. Lakini mwenye ng’ombe na watoto atawezaje? Mwaka 1549 Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, yule aliyechomwa moto huko Oxford mwaka 1556, alizikusanya saa zile zikawa mbili tu, asubuhi na jioni, na Zaburi zote 150 akazigawanya kwa siku 30 ili kila mwezi zianze upya. Alilipunguza jambo hata likatosha mkononi mwa mtu wa kawaida. Na Kitabu cha Sala cha 1662 chamwagiza kasisi apige kengele kabla hajaanza, hata siku za kawaida, ili watu waje wasikie Neno na kusali pamoja naye. Napenda sana agizo lile. Halikumwachia mtu na nia yake peke yake chumbani. Lilimfungia sala yake na kamba ya kengele, na miguu ya jirani zake.

Hapo mtu mwenye fikira atauliza: kama mimi huenda kanisani kwa sababu kengele imelia, na huamka kwa sababu ya moshi, na hufanya kazi kwa sababu ndivyo nilivyozoea, je, nimetenda nini mimi mwenyewe? Mashine nayo huenda.

Wanafalsafa hawakupatana juu ya hili. Aristotle, Mgiriki aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu hazaliwi na wema tayari, bali huupata kwa kuutenda, kama vile fundi awavyo fundi kwa kujenga. Atendaye haki mara nyingi huwa mwenye haki, na dalili kwamba amefika ni kuwa anaona furaha katika kuitenda. Kwake yeye mazoea ndiyo mlango wenyewe. Lakini Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797, alionya kwamba wema ukigeuka kuwa mazoea matupu, mtu hupoteza uhuru wake wa kuchagua, na pasipo uhuru hakuna wema. (Lampe hakuulizwa.)

Lugha yetu yaonekana kuwasikiliza wote wawili. Kutokana na kuzoea tumepata mazoea, na kutokana na kuzoeza tumepata mazoezi. Mtu huzoea hata asiyoyachagua: huzoea harufu mbaya, huzoea kudanganywa, huzoea kilio cha mtoto wa jirani. Ndiyo maana wazee walisema mazoea yana taabu. Lakini mazoezi lazima mtu ayatake, ajizoeze mwenyewe.

Kuna mama mmoja katika Umoja wa Akina Mama wa parishi hii, simtaji jina kwa kuwa hatapenda, ambaye amefagia kanisa kila Jumamosi tangu watoto wake walipokuwa wadogo, na sasa ana wajukuu. Nilimwuliza anafikiri nini anapofagia. Nilitumaini atasema jambo la kiroho nililete hapa. Akanijibu, “Mwalimu, nafikiri mboga.”

Je, Mungu aipokea ile kazi ya ufagio wakati moyo uko sokoni? Kant angesita. Mimi sisiti tena, na nitaeleza sababu. Mwaka jana mama huyo aliugua malaria, na Jumamosi ile tulimwona mjukuu wake akija na ufagio ule ule, ametumwa. Aliyelala na homa hakumtuma mtoto kwa mazoea. Mazoea ya mikono yalikuwa yamelala kitandani pamoja naye. Ule ulikuwa uamuzi. Nadhani basi kwamba uamuzi wake wa zamani ulikuwamo siku zote ndani ya mazoea yake, kama moto ulivyo ndani ya majivu. Siku za kawaida hauonekani, wala hakuna haja uonekane, na mama aweza kufikiri mboga zake kwa amani. Kikitokea kizuizi, ndipo makaa hufunuliwa. Mimi siku yangu ya kizuizi ilikuwa siku ya kustaafu, na majivu yalipoondolewa hapakuwa na kitu chini yake. Ndiyo sababu nasema nilidanganya vijana.

Hata hivyo, jambo lililonisumbua miaka mingi kuliko uvivu wangu wa barazani ni la upande wa pili kabisa. Limetokana na bidii.

Mwaka 1994 nilikuwa na mazoea ambayo wenzangu walinionea wivu. Kila jioni, baada ya kuwasha chemli, nilisahihisha madaftari yote ya siku ile, wala sikulala hata moja likiwa limebaki. Watoto walipata madaftari yao asubuhi. Jioni moja mvulana wa darasa la sita alikuja mlangoni. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia bila kuinua kichwa. Akasimama. Nikamwambia, “Kesho, mwanangu. Sasa nasahihisha.” Akajibu, “Ndiyo, mwalimu,” akaenda.

Kesho yake hakuja shuleni. Wala juma lile. Nikaandika jina lake katika orodha ya watoro, kwa kalamu nyekundu, kama ilivyo kanuni. Baadaye tukasikia kwamba amechukuliwa na mjomba wake kwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge, na nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kuuliza zaidi. Sikumwona tena. Sijui hata leo alitaka nini. Huenda alitaka penseli. Huenda alikuwa ametumwa na mama yake kuomba chumvi, wala kuondoka kwake hakukuhusiana nami hata kidogo. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini mtoto hatembei nusu saa gizani kwenda kwa mwalimu mkali kuomba penseli, na mimi nalijua hilo hata jioni ile, kwa kuwa kalamu yangu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Madaftari yote 43 yalisahihishwa.

Katika Marekani, mwaka 1973, wataalamu wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha habari ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha uchungaji cha Princeton. Kila mwanafunzi alitakiwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi, na wengine walipewa hotuba yao iwe juu ya yule Msamaria mwema wa Injili ya Luka. Njiani waliwekewa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugua. Wengine waliambiwa wana nafasi, wengine kwamba saa imefika, wengine kwamba wamekwisha kuchelewa. Kati ya wale wenye nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya wale waliokuwa wamefikiwa na saa, asilimia 45. Kati ya waliochelewa, asilimia 10. Na kama mtu alikuwa anakwenda kuhubiri juu ya Msamaria au juu ya jambo jingine, halikuleta tofauti ya maana.

Nilipoisoma habari hii niliifunika karatasi. Sisi husoma mfano ule na kumdhania kuhani na Mlawi kuwa watu wenye mioyo ya mawe. Huenda walikuwa watu wa ratiba tu. Huenda kila mmoja alikuwa na madaftari yake 43. Na tusisahau kwamba desturi yenyewe haina uso: Pilato naye alikuwa na desturi ya kumfungua mfungwa mmoja kila sikukuu, na kwa desturi hiyo Baraba alitoka gerezani, mwenye haki akabaki.

Basi nimejaribu kutazama jinsi Bwana wetu mwenyewe alivyokuwa na mazoea, maana alikuwa nayo. Luka asema aliingia katika sinagogi siku ya sabato kwa desturi yake, na tena kwamba kwa desturi alikwenda mlima wa Mizeituni. Alikuwa mtu wa saa na mahali. Lakini alipokuwa njiani kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa katika kufa, na kama kuna safari ya haraka ni hiyo, alisimama kwa ajili ya mwanamke aliyemgusa vazi. Akauliza ni nani. Akangoja ajibiwe. Wanafunzi waliona anapoteza wakati.

Na jambo jingine nililisoma miaka mingi pasipo kuliona. Yohana aeleza kwamba Yuda alipajua mahali pale bustanini, kwa sababu Yesu alikuwa akienda huko mara kwa mara pamoja na wanafunzi wake. Angetaka kujificha angebadili mazoea yake usiku mmoja tu. Hakubadili. Mazoea yake yalimfanya aweze kupatikana, na rafiki, na mgonjwa, hata na msaliti. Mazoea yangu ya chemli na kalamu nyekundu yalifanya nisipatikane. Saa ile ile, kila jioni, mlango ulikuwa wazi na mimi sikuwapo. Naona sasa kwamba tofauti haikuwa katika uimara wa mazoea, maana yangu yalikuwa imara sana. Kipimo ninachokitumia siku hizi, hata atakaponipa mtu kilicho bora, ni kutazama mazoea yangu yanampa nani nafasi ya kunikuta, na yanamfungia nani mlango.

Hayo ndiyo niliyopaswa kuwaambia vijana. Mengine niliyowaandikia ubaoni na yabaki: chagua jambo dogo, lifunge na jambo ambalo tayari hulikosi, kama vile chai au kurudi kutoka kisimani, usihesabu siku kwa hofu. Bandu bandu huisha gogo. Lakini jiulize pia nani atakungoja. Mimi ratiba yangu ya rula haikuwa na mtu yeyote ndani yake isipokuwa mimi, na mtu ni rahisi sana kujisamehe mwenyewe.

Niseme basi nilivyo sasa, ili nisiwadanganye mara ya pili. Siamki saa kumi na moja. Naamka saa kumi na mbili, na moto nauwasha mimi, vibaya, mke wangu akilalamika juu ya moshi. Shambani nakwenda siku nyingi, si zote. Lakini Alhamisi saa kumi jioni nakwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa katekista wetu, ambaye macho yake yamekufa. Nilianza kwenda kwa aibu, sitaki kusema kwa upendo, kwa kuwa Padri alitangaza kanisani kwamba anatafutwa mtu wa kumsomea na watu wote waligeuka wakamtazama mwalimu mstaafu. Kwa miezi kadhaa nalikwenda kama mtu anayelipa kodi. Namsomea zaburi za jioni ya tarehe ile, kisha yeye hunieleza mambo ya kanisa la zamani, nani alikata miti, nani alifinyanga udongo, nani aligombana na nani. Nikaanza kuchukua ile kaunta buku. Nimefika ukurasa wa 64, upande wa pili wa madeni ya dukani. Ni lini aibu iligeuka, siwezi kuwaambia, sikuwa naitazama.

Mwezi uliopita, Alhamisi, nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu, jirani yetu akapita mbio na mtoto mgongoni, ana degedege, yuko peke yake. Nikatazama saa. Nakiri kwamba niliitazama. Kisha nikambeba mtoto tukaenda naye zahanati, na jioni ilikwisha huko. Mtoto sasa hajambo.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mzee kuomba radhi. Nilijua alikuwa amengoja, kwa maana hutolewa kiti changu barazani saa tisa na nusu, na yeye huketi karibu nacho akisikiliza njia. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akapapasa hata akaupata mkono wa kiti, akakisogeza kwangu.

“Mwalimu,” akasema, “ungekuja jana ukaniambia umemwacha mama yule njiani, leo nisingekutolea kiti. Haya, andika. Tulikuwa hatujapandisha bati.”